Kwa nini tangi hufurika saa nane za usiku

Kabla ya maji hutangulia hewa. Bomba la uani hukohoa, hupiga mluzi, hutema kitu chenye rangi ya chai, kisha hutulia na kuanza kazi. Anayeishi Kimara, Goba, Tabata au Mbezi, hapa Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa maana ya sauti hiyo: maji yametoka. Wasio na tangi huamka kupanga ndoo na madumu. Sisi wenye tangi hugeukia upande wa pili tukalala, kwa sababu tuna boya, lile dude ambalo mafundi huliita floti, na boya ndilo linalokesha badala yetu.

Usiku mmoja wa Aprili nililala hivyo hivyo, saa nane nikaamshwa na hodi.

"Jirani! Jirani, amkeni jamani. Maji yenu yako chumbani kwangu."

"Samahani sana mama, nakuja kufunga."

Nilimulika tochi juu ya mnara. Tangi letu ni la lita 2,000, la plastiki, aina ambayo mjini hapa kila mtu huiita simtanki bila kujali limetengenezwa na nani. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mfuniko pande zote, kama uji uliochemka ukapanda sufuria. Boya lilikuwa limekwama, hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni bomba la ovaflo, lililowekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kutoa maji ya ziada. Halikuwa limeziba. Lilikuwa linamwaga vizuri tu, kijito chembamba kama penseli, huku sehemu kubwa ya maji ikishukia ukuta wa jirani.

Asubuhi fundi alikuja, akatazama, akakuna kichwa. "Bosi, mimi nilifunga sawa. Inaingia nusu inchi, inatoka nusu inchi. Imelingana. Inafurikaje?"

Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani, na jibu lake linafungua karibu mambo yote ya mabomba na matangi, tangu koki ya bafuni hadi bonde la Jangwani.

Kosa la fundi ni la wengi: kudhani kwamba ukubwa wa bomba ndio kiasi cha maji. Bomba ni njia tu. Kiasi kinachopita hutokana na njia pamoja na msukumo, na msukumo wa maji huhesabiwa kwa kimo. Maji yaliyosimama mita 10 juu yako hukusukuma kwa presha ya bar 1, karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Haijalishi kama mita hizo 10 zimo kwenye tangi pana kama uwanja au kwenye bomba jembamba kama kidole. Kinachohesabiwa ni urefu wa kwenda juu. Ndiyo maana tangi la lita 5,000 lililokaa chini halitoi maji kwenye shawa, wakati dumu la lita 20 ukilining'iniza juu ya dari litakuogesha.

Sasa linganisha pande mbili za tangi letu. Upande wa kuingilia, maji yanasukumwa na mtandao wa mji mzima. Tuseme usiku ule presha ya mtaani ilikuwa sawa na kimo cha mita 15 hivi baada ya maji kupanda mnara. Kupitia mita 20 za bomba la nusu inchi, msukumo huo huleta karibu lita 20 kwa dakika. Nilipima baadaye kwa ndoo na saa ya simu: ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika moja na sekunde kidogo. Upande wa kutokea, nani anasukuma? Hakuna isipokuwa maji yaliyomo humo humo ndani, tena yale tu yaliyosimama juu ya tundu la ovaflo. Kutoka katikati ya tundu hadi kwenye mfuniko kuna sentimita 5. Kimo cha sentimita 5, kwa tundu la nusu inchi, hupitisha lita 4 na nusu kwa dakika.

Zinaingia 20, zinatoka 4 na nusu. Lita 15 na nusu za kila dakika ziende wapi? Kwa jirani.

Ili tundu lile la nusu inchi litoe lita 20, maji yangepaswa kusimama karibu mita nzima juu yake. Tangi halina nafasi hiyo. Mfuniko unainuliwa kwanza.

Hesabu hii ina mizizi ya zamani. Mwitaliano Evangelista Torricelli aliichapisha mwaka 1644: kasi ya maji yanayotoka tunduni huongezeka kwa kipeuo cha pili cha kimo kilicho juu yake, yaani ukitaka kasi iongezeke mara mbili, kimo sharti kiongezeke mara nne. Maji hayatoi punguzo. Kwa hiyo ovaflo haitibiwi kwa kuongeza kimo, maana kimo huna. Hutibiwa kwa kupanua tundu. La inchi moja, kwa sentimita zile zile 5, hutoa lita kama 18 kwa dakika. La inchi moja na nusu hutoa 40. Wauzaji wa vifaa vya bomba watakuambia tofauti ya bei kati yao si kubwa, hasa ukiiweka kando ya gharama ya kupaka rangi ukuta wa mtu mwingine.

Hapo kuna kingine kinachowachanganya watu. Bomba la inchi moja si bomba mbili za nusu inchi. Uwazi wake ni mara nne, kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba. Na kwenye bomba refu maji yanaposugua kuta njia nzima, faida huzidi hapo, kwani katika bomba nene sehemu kubwa ya maji iko mbali na ukuta. Kwa msukumo ule ule, bomba refu la inchi moja hupitisha karibu mara sita ya la nusu inchi. Ukiona nyumba ya vyumba kumi imelishwa na bomba moja la nusu inchi kutoka tangini, halafu wapangaji wanagombana asubuhi nani amefungua koki wakati mwenzake anaoga, ujue si tabia mbaya. Ni bomba.

Nirudi kwenye saa nane za usiku, kwa sababu muda ule haukuja kwa bahati mbaya.

Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, kwenye mitambo miwili: Ruvu Juu, Mlandizi, yenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, yenye uwezo wa lita milioni 270. Jumla yake ni kama tani 5.4 za maji kila sekunde, zikisukumwa makumi ya kilomita hadi kwenye matangi makubwa ya mji, kisha kushuka mitaani. Njiani kote msuguano unakula msukumo. Na msuguano una ulafi wa ajabu: mtiririko ukiongezeka mara mbili, msukumo unaopotea huongezeka karibu mara nne.

Jioni, mji mzima unapopika, unapooga na kufua, maji mengi yanakimbia kwenye bomba kuu na msukumo unaliwa mwingi. Tuseme hadi mtaani kwenu zinapotea mita 40 za kimo. Walio bondeni wanapata, wa mlimani wanasikia hewa tu. Ikifika saa nane za usiku watu wamelala, mtiririko umepungua hadi nusu, na upotevu unashuka hadi mita 10 hivi. Mita 30 zimerudi, na hizo ni bar 3. Mtu wa mlimani anapata maji bila hata pampu kuongezwa kule Ruvu. Kwa hiyo yule bibi anayesema "maji ya huku yanatoka watu wakilala" anasema fizikia, ingawa yeye anadhani anasema lawama. Mgao wa ratiba, kama ule wa Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua, ni suala jingine. Ninachoeleza hapa hutokea hata valvu zote zikiwa wazi.

Na hapo ndipo hata boya lisilokwama linaweza kushindwa. Boya la kipenyo cha sentimita 10, likizama nusu, huinuliwa na maji kwa nguvu ya robo kilo tu. Mkono wake huikuza nguvu hiyo, tuseme mara kumi, na kupata kilo 2.6 za kukandamiza kiziba cha mpira kwenye tundu la maji. Kama tundu hilo ni pana sentimita 1, presha ya bar 3 inakisukuma kiziba kwa kilo 2.4. Boya linashinda kwa tabu. Presha ikipanda hadi bar 4, maji yanasukuma kwa kilo 3.1 na boya limeshindwa, labda lizame zaidi. Jioni boya lile lile lilifunga vizuri mbele ya macho yako, ukampa fundi hela yake. Usiku limezidiwa. Yapo maboya yenye tundu dogo la milimita 6 kwa ajili ya presha kubwa. Kwa bar 3 yanahitaji kushindana na kilo 0.85 tu, ila yanajaza polepole. Dukani ulizia hilo kabla hujaulizia bei.

Kuna pia ushindwaji wa kimya. Kiziba kikilika kidogo, boya halifungi kabisa, linabakiza mchirizi. Nusu lita kwa dakika huwezi hata kuisikia, lakini kwa saa 24 ni lita 720. Haba na haba hujaza kibaba, methali inasema, ila kibaba kikishajaa haituambii haba zinazofuata ziende wapi.

Watu wengi wakipata taabu ya kufurika hufikiria kununua tangi kubwa. Mimi pia nilifikiria. Lakini tangi ni daftari la hesabu: kilichoingia, toa kilichotoka, ndicho kilichobaki. Maadamu kinachoingia ni kingi kuliko kinachotoka, kina kitapanda. Tangi la lita 2,000 lililokuwa tupu, likiingiza 20 kwa dakika, litajaa kwa saa moja na dakika 40. La lita 5,000 litajaa kwa saa nne na dakika 10. Baada ya hapo yote mawili yatamwaga kwa kasi ile ile. Ukubwa unanunua muda. Muda ni bidhaa nzuri, hasa kwa mji wenye maji ya vipindi, ila haufungi koki.

Kina husimama pale tu kuingia na kutoka kunapolingana. Tulipobadilisha ovaflo kuwa ya inchi moja na nusu, nilimwomba fundi alifunge boya kwa kamba lisipande, tuache maji yaingie makusudi. Tulikaa juu ya mnara na tochi, yeye akihesabu saa zake za kazi nyingine. Maji yalipanda hadi mdomo wa tundu, yakaanza kuingia, yakapanda kidogo tena, halafu yakasimama. Hayakujaza hata mdomo wa bomba. Lita 20 zilikuwa zinaingia na lita 20 zinatoka, uso wa maji umetulia kama ndani ya glasi. Fundi alichungulia muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Kumbe," alisema, akaanza kukusanya spana.

Kutoa maji kwa matumizi nako kuna kisirani chake. Tangi lililokaa chini, koki ikiwa kitakoni, hutoa kwa fujo likijaa na kwa unyonge likikaribia kuisha. Kwa kanuni ile ile ya Torricelli, nusu ya juu hutoka kwa asilimia 29 tu ya muda wote wa kumwaga tangi, na nusu ya chini inakula asilimia 71 iliyobaki. Mtu hudhani kuna mahali pameziba. Lipandishe tangi hilo mnara wa mita 3 na kisirani hupungua sana: tangi lenye kina cha mita 1.2 likijaa lina mita 4.2 juu ya usawa wa ardhi, likikaribia kuisha lina mita 3, na kasi imepungua kwa asilimia 15 au 16 tu. Mnara unafanya kazi kubwa kuliko tangi lenyewe, ingawa tangi ndilo tunalowaonyesha wageni.

Hapo hapo kwenye minara kuna kosa ambalo nimeliona nyumba zaidi ya moja. Mwenye nyumba anaongeza tangi la pili, mnara wa kwanza haumtoshi, analiweka kwenye mwingine mfupi kwa nusu mita, kisha yanaunganishwa kwa bomba chini. Maji yaliyounganishwa hutafuta usawa mmoja. Tangi la juu linajaribu kujaza la chini hadi nyuso zilingane, na la chini lina kikomo: mdomo wake. Linafurika wakati la juu lina nafasi tele. Ukitaka kuyaunganisha, midomo ndiyo ikae usawa mmoja, au la chini liwe na boya lake lenyewe.

Upande wa usafi sitakaa sana, lakini upo. Maji ya mtaani yakikatika, bomba kuu linabaki tupu na linaweza kuvuta badala ya kusukuma. Mpira uliozamishwa kwenye ndoo ya sabuni utanyonywa. Bomba la kuingilia lililozama ndani ya tangi litanyonywa pia. Kwa hiyo bomba la kuingiza liishie juu ya usawa wa ovaflo, pabaki hewa kati yake na maji, au iwekwe vali ya njia moja. Wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huongeza mnyonyo huo huo, wakivuta maji ya majirani na chochote kilicho kwenye udongo unaozunguka nyufa. Ovaflo nayo iwe na wavu, kwa kuwa tundu linalotoa maji linaingiza mbu, na mji huu umekwisha kuonja dengi mwaka 2014 na tena 2019. Wavu usafishwe. Wavu uliojaa majani umeirudisha ovaflo yako kuwa ya nusu inchi.

Ukitoka juu ya mnara ukaitazama Dar es Salaam yenyewe, utaona hesabu ile ile kwa ukubwa mwingine. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya mji, unatandazika Jangwani, halafu unaingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Selander. Bonde la Jangwani ni tangi. Mitaro yote ya mitaani, mabati na sakafu ni mabomba ya kuingiza, na kila mwaka yanapanuka, kwa sababu ardhi iliyokuwa inanyonya maji tunaijengea. Milimita 50 za mvua juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 5,000, na bati halihifadhi hata moja. Mlango wa kutokea ni mmoja, na unasinyaa: mchanga unaoletwa na mto unainua kitako chake, chupa na mifuko vinaziba karavati kama majani kwenye wavu wangu.

Desemba 2011 tangi hilo lilifurika, watu zaidi ya 40 wakafa, na waliopoteza makazi wakahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani mara nyingi, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa humo humo bondeni imeoga kila msimu mkubwa. Kuchimba mto na kuacha sehemu ya bonde iwe wazi ni kazi zinazofaa, lakini ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza inapanua tundu. Ya pili inanunua muda. Wanasiasa huzitaja kwa pumzi moja.

Kuna kitu cha tatu ambacho hakuna katapila linaloweza kukigusa, na wavuvi wa Feri wanakijua kuliko sisi wa minarani. Msukumo unaoutoa mto kwenda baharini ni tofauti ya kimo kati ya maji ya bondeni na maji ya bahari, sawasawa na zile sentimita 5 zangu. Hapa kwetu, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita hivi. Bahari ikijaa, kimo kinaliwa na mto unakosa wa kuusukuma, maji yanarudi nyuma. Mvua ya saa tatu ikianguka bahari ikiwa imekupwa, Msimbazi unahema na kupitisha. Mvua ile ile ikikutana na bamvua limejaa, makondakta Magomeni wanaanza kuwaambia abiria washuke, gari halivuki.